Mahindi ya Chumbani kwa Syomiti

Usiku ule nilikaa jikoni kwa Syomiti, mjane wa shemeji yangu, tukingoja simu. Mume wangu alikuwa amempeleka Musembi, mwana wa Syomiti, hospitalini, macho ya manjano, tumbo limevimba. Syomiti hakulia. Alichambua mahindi kwa mwanga wa tochi, yenye kuvu akiwawekea kuku.

Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tangu wezi wafagie ghala lake la nje, alivuna mahindi kabla hayajakauka, akayafungia chumbani ndani ya magunia ya nailoni, juu ya sakafu ya udongo, yakapanda hadi dirishani. Akatandika kitanda chake juu yake. Ukiingia mle unapigwa na joto na harufu ya nguo zilizolala na maji.

"Umeolewa na mahindi sasa?" nilimtania siku moja.

"Haya hayatakufa yaniache, mama Wayua."

Wala hakuwa mchoyo. Njaa ilipobana, Wayua wangu alikula muthokoi, mahindi ya kutwangwa na kuchemshwa, kwake karibu kila siku. Ndiyo maana sasa kila asubuhi namvutia Wayua mlangoni, kwenye mwanga, nimtazame macho.

Simu ililia alfajiri. Musembi alikuwa amekufa.

Baada ya mazishi wakaja watu wa kilimo na lori. Afisa akaeleza kwamba mahindi mabichi yakifungiwa mahali pa joto huota kuvu yenye sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika.

"Kuku wangu wanakula na wanataga," Syomiti akasema. "Hiyo sumu inabagua?"

"Mama, tutakuletea mengine."

"Lini? Hata nilipoibiwa mlisema mtakuja."

Akamshika mkono Ndinda, binti pekee aliyembakia, wakaingia ndani. Tukasikia komeo.

Nikagonga. "Syomiti, mahindi baki nayo. Nipe mtoto tu, akae kwangu."

"Ale nini kwako? Si wako alikuwa anakula hapa?"

Afisa akatazama saa, akaita wenzake, lori likaondoka.

Nikabaki nimeegemea mlango, nikiita Ndinda, Ndinda. Kisha ndani mchi ukaanza kupiga kinu, taratibu, kama siku zote anapotayarisha muthokoi wa jioni. Niligonga mpaka moshi wa jiko ukatoka juu ya paa. Hakufungua.