Jiwe Nililosugulia Chuma cha Mama Faida

Nywele zilizopakwa mafuta zikiguswa na chuma cha moto hutoa harufu isiyo mbali sana na ya kuku anayebabuliwa manyoya. Najua mwanamke aliyefika chuo kikuu hutarajiwa kukumbuka utoto wake kwa harufu za maua, lakini nikisema kweli, hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi zangu zote njema. Ilitoka uani kwa Mama Faida, jirani yetu hapa Goma, miaka ile ya Zaïre ambapo majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando kwa amri ya serikali na kila mtu mzima aliitwa raia. Baba yangu, karani katika ghala la kahawa, alipenda kuwaambia wageni kwamba mwanamke halisi wa Zaïre hanyooshi nywele. Mama alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kunyooshwa nywele.

Chuma chenyewe kilikuwa chanuo zito lenye mpini wa mti, jeusi kama chungu cha maharagwe. Mama Faida alikilaza juu ya makaa, na kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kupepea moto. Kilipopata joto alikibana ndani ya kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka rangi ya chai, alikiinua na kukipunga hewani hadi kipoe. Likibaki jeupe, alikirudisha motoni. Likigeuka manjano kidogo tu, basi alimwambia mteja akunje sikio lake na asipumue. Mtoto wake Faida alilala mgongoni mwake muda wote huo, hata mafuta yalipochirizika na kulia juu ya chuma. Jioni alikipangusa kingali vuguvugu kwa kitambaa laini cha pamba, akakipaka mafuta kidogo, akakifunga katika kipande cha kikwembe, kitenge chake kilichochakaa. Hakikuguswa na maji kamwe. “Weusi hii si uchafu,” aliniambia. “Ni ngozi yake. Chuma yenye iko na ngozi haiumize mutu.”

Nilimsikia. Shida ya mtoto mwenye akili, na shuleni nilikuwa nimeambiwa mara nyingi mno kwamba ninayo, ni kwamba anasikia jambo na papo hapo anapanga kulirekebisha.

Likizo kubwa ya mwaka ule, vumbi jeusi likiwa limetanda hadi kwenye majani ya migomba, dada yangu Sifa alikuwa aonyeshwe kwa wakwe. Walikuwa wakitoka upande wa Bukavu, watu wa ofisi na viatu vilivyong’aa, nasi tulikuwa watu wa milima ya Masisi ambao hata baada ya miaka kumi mjini tuliambiwa bado tunanuka maziwa. Mama aliapa kwamba nywele za Sifa zingelala kama za mke wa mkurugenzi. Siku moja kabla, Mama Faida alikuwa anakwenda kwenye sala ya wamama, akaniachia chuma nikipanguse.

Hapa Goma hakuna kitu kisichosuguliwa kwa jiwe. Volkeno ilitupa mawe bila kutuuliza, nasi tukayapa kazi: jiwe la kisigino, jiwe la sufuria, jiwe la ngazi ya mlango. Nilichukua lile la sufuria, lenye matundu matundu kama mkate, nikasugua chuma kile jino kwa jino hadi mikono ikaniuma. Kilitoka cheupe, kinameta. Niliona kwamba nimeupa ulimwengu kitu kizuri.

“Umefanya nini na chuma yangu?” Mama Faida aliuliza kesho yake, akikigeuza juani.

“Nimesugua na jivu, mama.”

Jivu halikwaruzi. Sijui uongo ule ulitoka wapi upesi namna ile. Labda macho yake yaliniambia nimekosea kabla ya kinywa chake. Lakini wakwe walikuwa wanakuja saa tisa, akacheka. “Weye, utanifanyia chuma kuwa kijiko!” Akakiweka motoni.

Upande wa kulia wa kichwa cha Sifa ulinyooka vizuri. Upande wa kushoto, karibu na paji la uso, chuma kilikwama. Mama Faida alivuta taratibu, Sifa akapiga kelele, na shungi zima likatoka limeshikwa katikati ya meno, likifuka moshi. Pakabaki mahali patupu, upana wa vidole viwili.

“Mama Faida, unaniua mutoto!” mama alilia. “Leo! Siku ya leo!”

“Chuma haijafanya vile hata siku moja,” Mama Faida alisema. Alikuwa akikitazama kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe aliyemng’ata. Hakunitazama mimi. Nilikuwa nikipepea moto kwa bidii ambayo hakuna aliyeiomba.

Sifa alivaa kitambaa, wakwe wakala, ndoa ikafungwa. Kilichovunjika kilikuwa kingine. Ulimi hauna mfupa, na ule wa mama ulikuwa mwepesi zaidi siku za hasira. Kabla ya Jumapili kwisha, wauza samaki wa soko la Kituku walikuwa wanajua kwamba chuma cha Mama Faida kinauma. Jumamosi iliyofuata walikuja wateja wawili. Iliyofuata, hakuna. Alikaa uani na Faida mgongoni, moto umewaka, gazeti limekunjwa tayari, nami nikapepea makaa yasiyo na kazi huku nikijiambia kwamba leo nitasema.

Nilisema, lakini kwa padri. Aliniambia nisali na niende kwa mama yule nimweleze. Nikapiga hesabu zangu, nikasali mara mbili zaidi ya alivyoagiza, nikaona hiyo nusu ya pili imefidiwa. Shule zilipofunguliwa, Mama Faida alikuwa amehamia mji wa Kiwanja, huko Rutshuru, kwa kaka yake, kuuza maharagwe.

Leo ninanyoosha nywele zangu kwa chuma cha umeme chenye taa ndogo inayoniambia moto umetosha. Umeme ukikatika, tunangoja pamoja, mimi na chuma na nusu ya kichwa changu. Sina gazeti la kukijaribia na hakuna anayepepea kitu. Mwaka jana Sifa alikuja kunitembelea, akaniona nikikipangusa kingali vuguvugu, akaanza tena kusimulia habari ya ile chuma ya kuuma. Nilikuwa nimeisikia kwenye harusi zote za ukoo wetu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na kuchoka tu. Nikamweleza habari ya jiwe.

Nilidhani atacheka. “Riziki,” alisema, “na miye nimesema lile neno miaka yote hii.” Kisha akachukua simu yake. Alimpigia binamu wa Rutshuru, binamu akampigia mwingine, na kabla chai haijapoa tulikuwa na namba. Akanisukumia simu. “Sema weye. Si miye.”

Ilipokelewa na mwanamke. Nilimuuliza kama ni Faida, mtoto wa mama aliyenyoosha nywele Goma zamani.

“Ni miye. Ni nani?”

“Ni Riziki, mtoto wa jirani yenu. Ni mimi nilisugua chuma ya mama na jiwe.”

Sauti za soko zilipita nyuma yake.

“Ngoja,” alisema. “Mama iko hapa kando yangu. Umwambie mwenyewe.”

Nikamsikia akitaja jiwe, kisha simu ikipita toka mkono hadi mkono, na mtu akikohoa.

“Jiwe gani?” aliuliza Mama Faida.