Kiganja cha Mwas

Masikio ya Musembi yalianza kuziba akiwa bado Masinga, miaka ile aliyoshinda nyuma ya boti la kuvulia samaki, mkono juu ya mpini wa injini, kichwa karibu na kelele. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kwenda. Ndege wa asubuhi, kisha mlio wa simu, kisha mkewe Ngina akimwita kutoka jikoni. Ngina hakuwa mtu wa kubembeleza. Akitaka mumewe ageuke, alimrushia punje ya maharagwe mabichi shingoni, na chumba chao cha kupanga kule Mwihoko hakikukosa maharagwe sakafuni.

Mtu mwingine yeyote hakujua. Haikufaa mtu ajue. Musembi alikuwa ameajiriwa kuendesha boti kwenye bwawa moja nje ya Ruiru, lililochimbwa zamani kunyweshea kahawa. Kahawa iling'olewa, nyumba zikaota mahali pake, bwawa likabaki. Mwenye bwawa, Rachael Muriithi, aliweka bembea, jiko la nyama choma na boti moja lenye injini ya kuning'inia nyuma. Katika nchi nyingi watu hupanda boti ili wafike mahali. Hapa walipanda ili warudi palepale walipotoka, wakiwa na picha.

Siku ya kumwandika kazi, Rachael alimwambia, "Mzee, hawa watu wangu hawajui kuogelea. Nikisikia una shida ya macho, ya moyo, ya nini, hiyo siku ndiyo ya mwisho."

"Mimi ni mzima, madam," Musembi alisema. Alikuwa amemsoma midomo.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kati yake na kurudi kwao Masinga mikono mitupu, kwa ndugu aliowatukana siku ya kuondoka. Aliilinda kama mbwa anavyolinda mfupa, na aliyeumwa zaidi ni Mwas.

Mwas alikuwa msaidizi wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyetoka kuchonga mawe machimboni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele na kamba. Musembi alimwita Kokoto. "Kokoto, shika kamba. Kokoto, usiegemee hapo, utatuzamisha." Wageni walicheka, naye akazidisha. Jumapili moja, Wakonyo wa kukata tiketi akiwa amesimama kwenye gati, Musembi alimsukuma Mwas majini mahali ambapo maji yanafika kifuani. Mwas, asiyejua kina, alipiga mikono na kumlilia Mungu, "Ngai! Ngai!" hadi Wakonyo mwenyewe akamwambia, huku amejishika mbavu, "We Mwas, si usimame tu!"

Alisimama. Maji yalimfika kwenye vifungo vya shati. Tangu siku hiyo Wakonyo hakuweza kumtazama bila kuuma mdomo.

Alhamisi moja mgeni alishuka akilalamika kwamba injini inapiga kelele ya kutoboa kichwa. Musembi hakuwa amesikia lolote. Lakini alijua kelele hiyo ni nini. Injini ile ilikuwa na king'ora kidogo ndani, chenye lugha mbili tu. Kikilia kwa vipindi, tii, kimya, tii, kimya, oili inakaribia kwisha: ongeza, uende zako. Kikilia mfululizo bila kupumua, injini inachemka: zima sasa hivi, hata kama uko katikati ya maji, la sivyo itajila yenyewe.

Ilikuwa ipi kati ya hizo mbili? Hakuweza kumuuliza mgeni wala Mwas bila kujianika. Alifungua kifuniko akakuta oili imeshuka, akaijaza. Akang'oa nyasi zilizoziba matundu ya kuvutia maji. Kisha yeye na Mwas wakaitumbukiza injini kwenye pipa la maji safi, kama mafundi wa huku wanavyofanya, akaiwasha. Mkojo wa injini, ule mchirizi unaotoka ubavuni kuonyesha kwamba maji yanazunguka, ulitoka kwa nguvu. Aliutia mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Ile kelele imenyamaza?" alimuuliza Mwas.

"Kwani wewe huskii?"

"Nasikia. Nakupima wewe, Kokoto."

"Imenyamaza," Mwas alisema, akimwangalia masikio kwa mara ya kwanza.

Ni kweli ilikuwa imenyamaza. Ndani ya pipa injini haibebi mtu wala haisukumi kitu, kwa hiyo haipati joto. Kidude cha kufungulia maji ya kupoza kinaweza kuwa kimekwama ndani, huku mkojo ukitoka vizuri, nawe usijue mpaka uiingize bwawani na watu wanane. Musembi alilijua hilo. Siku nyingine angekifungua. Lakini Jumamosi kulikuwa na harusi, na injini iliyofunguliwa vipande mbele ya Rachael ingeleta maswali.

Badala yake alimwambia Mwas, "Jumamosi kutakuwa na spika za muziki. King'ora kikilia, usinipayukie kama konda. Nionyeshe kwa mkono. Ngumi ya kufumba na kufumbua, ni vipindi. Kiganja wazi, ni mfululizo, nizime injini."

"Sawa, mzee," Mwas akasema. "Sawa kabisa."

Jumamosi, bwana na bibi harusi walipanda na wasimamizi wao, Rachael mwenyewe, na mzee Mburu wa Membley, babake bibi harusi, aliyelipia kila kitu na kukumbusha kila mtu. Musembi alivaa shati jeupe. Walipofika katikati, wasimamizi walianza kuziba masikio. Mburu alikunja uso na kusema kitu. Rachael aligeuka kumtazama dereva wake.

Musembi hakusikia chochote. Kwake mchana ule ulikuwa mtulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Alitia mkono kwenye mkojo wa injini: unatoka vizuri. Akainua macho kwa Mwas, kule mbele.

Mwas alikuwa anamtazama, ametulia, na spika za muziki zilikuwa kimya. Akainua ngumi. Akaifumbua, akaifumba. Akaifumbua, akaifumba.

Oili, basi. Musembi akachukua galoni, akaongeza bila kuzima, akawatabasamia wageni na kuongeza kasi. "Ni kawaida!" akawapigia kelele. "Ni kiu tu!" Bibi harusi alikuwa amejiinamia, viganja masikioni, shela likimpiga usoni. King'ora kililia bila kupumua hata mara moja.

Kisha mpini ukamruka mkononi. Injini ikakwama, moshi ukatoka chini ya kifuniko, na harufu ya chuma kilichoungua ikatanda juu ya maua.

Waliburutwa hadi ukingoni kwa kamba, na watu wa jikoni, waliokuwa na mafuta ya nyama mikononi. Wageni wote wa harusi walikuwa wamejipanga kutazama. Musembi aliinama juu ya injini, akijaribu kuzungusha gurudumu lake kwa mkono. Halikusogea.

Rachael alisimama nyuma yake. "Musembi," akasema. Hakugeuka. "Musembi! Wewe ni punda?" Hakugeuka. Mtu alicheka. Mburu akasogea, akajaribu naye: "Mzee, suruali inawaka moto!" Kicheko kikapanda ukingo mzima.

Musembi aliinua kichwa, akaona nyuso zote zimefunguka, akadhani hasira imepita. Akacheka pia. Alicheka kwa nguvu, pamoja nao, mpaka alipomwona Wakonyo pale kwenye gati. Wakonyo hakuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo.

"Hata sijui nitamfuta kazi vipi," Rachael alisema. "Mwas, wewe ndiye mnaelewana naye. Mwambie."

Mwas akaruka kutoka mbele ya boti, akasimama ndani ya maji, mahali palepale. Yalimfika kwenye vifungo vya shati. Akangoja Musembi amtazame vizuri. Kisha akainua mkono, akaufungua, na kumwonyesha kiganja wazi.