Bi Mkia na Mstari Mtupu

Kazini wanamwita Bi Mkia, wala hakasiriki. Miaka kumi na minne anaandika programu za kuunganisha kompyuta na vifaa vya hospitali, na mwenzake akimletea kazi aikague, swali la kwanza ni hilo hilo: "Mkia uko wapi?"

Programu kama hizo zina orodha ya vifaa zinavyovitambua, na mstari wa mwisho, ndio huo mkia, lazima uwe mtupu, sifuri tu. Kompyuta husoma orodha mstari kwa mstari mpaka ikutane na ule mtupu, ndipo isimame. Usipokuwepo, inapitiliza, inasoma takataka zilizo baada ya orodha ikidhani ni kifaa. Kuna siku haliharibiki neno, kuna siku mashine inazimika. Mwaka wake wa kwanza aliusahau yeye mwenyewe, skrini za wodi nzima zikawa giza. Hakufa mtu, lakini aibu ile ilimkaa rohoni.

Macho huchoka, akajiambia. Basi likizo nzima akaandika kikaguzi: programu ndogo inayopekua kila orodha, na ikikosa mkia, toleo zima la programu linagoma kutengenezwa.

"Dada, umetuwekea askari mlangoni!" wenzake wakamtania.

"Asiyeiba anamwogopea nini?"

Alhamisi moja toleo la mashine za wodi ya watoto wachanga lilipaswa kutoka saa sita mchana. Saa tano na nusu kikaguzi kikagoma. Mkuu wa kitengo akaja mbio, jasho linamtoka.

"Zima hicho kidude chako. Hospitali inasubiri."

"Sizimi, bosi."

"Basi kesho usije."

Moyo ulimpasuka, maana kazi hiyo aliipenda kuliko usingizi. Hata hivyo akamgeuzia skrini. Orodha ilikuwa imekatika mkia, na kumbukumbu ya mabadiliko ilitaja aliyeukata: mkuu mwenyewe, juzi.

"Niliona mstari hauna kitu," mkuu akasema taratibu. "Nikadhani uchafu, nikausafisha."

Akavuta kiti, akaurudisha kwa mkono wake. Kikaguzi kikaruhusu, na toleo likatoka saa sita kasoro dakika nne. Akasimama, akawageukia wote.

"Kuanzia leo, asikizime mtu kikaguzi hiki. Hata mimi."

"Hasa wewe, bosi," akasema Bi Mkia, na kwa mara ya kwanza tangu giza la wodi ile, akajiona fundi kweli kweli.