Ukuta Katikati ya Mashua ya Gamaliel

Saa kumi na mbili asubuhi, gereji ya Gamaliel Kagaruki hapa Kemondo haina gari. Ina mashua. Imelazwa juu ya magogo mawili, mbao zake za mvule zimeshikana barabara, na katikati yake umesimama ukuta wa mbao unaomfika mtu mzima mabegani.

Gamaliel anauzunguka ukuta huo, nyundo mkononi. Anaugonga, anaacha, anakuna kichwa.

"Nikiubomoa, kosa. Nikiuacha, kosa," anasema. "Niambie wewe uliyesoma."

Mwandishi wa habari hizi anaandika swali hilo daftarini.

Gamaliel ni fundi wa vitanda na milango. Kabla ya mwaka huu wa 1956 hakuwahi kuchonga hata kafi. Gereji hii ilijengwa kwa ajili ya lori la mnunuzi wa kahawa, ambaye alihamia Mwanza na lori lake, nyumba akampangisha fundi. Wateja wanaofuata vitanda vyao siku hizi wanakuta mashua, wanaguna, wanaondoka.

Chanzo ni mama mkwe wake, Kokubanza, aishiye kisiwani Bumbire. Tangu masika ana kidonda mguuni, na sasa hawezi kukanyaga. Ameambiwa afikishwe hospitali ya Rubya, huku bara, upesi, la sivyo mguu utamuua. Lakini kisiwani wamevumisha kwamba kidonda kile ni cha kurogwa. Wenye mitumbwi, wa huko na wa huku Kemondo, hawataki kumpakia, na majirani humwachia chakula mlangoni wakakimbia.

"Mama anaoza mguu, na mimi mwanawe wa pekee nipo hapa namenya ndizi," anasema Alistidia, mke wa Gamaliel.

Basi fundi akaamua kuunda chombo chake. Hapo ndipo akili ilipoanza kumzunguka. Kwa Wahaya, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo usiseme. Wakikutana njiani, mmoja hujitosa migombani mwenzake apite.

"Majini hakuna migomba," anasema Gamaliel. "Nikawaza, nyumbani tunatengwa na ukuta, basi na mashua iwe na ukuta. Mama nyuma, mimi mbele."

Jumatatu iliyopita akaishusha ziwani kuijaribu. Haikuvuja hata tone. Ila upepo ulipoupiga ule ukuta, mashua ikageuka ubavu, ikawa inazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jirani yake Ndyamukama, mvuvi, ndiye aliyemvuta kwa kamba hadi ufukweni.

"Gamaliel waitu, ndugu yangu, upepo haujui ukwe," anasema Ndyamukama, bado anacheka. "Toa huo ukuta. Mpiga kafi hutazama aendako. Wewe kaa mbele, mkeo katikati, mama nyuma. Utampa mgongo mpaka Kemondo."

Gamaliel anakubali kwamba njiani itawezekana. Kinachomtatiza ni pale kisiwani. Hakuna gati, mashua husimama kwenye maji ya kiunoni, na Kokubanza ni mama wa mwili mkubwa. Alistidia hawezi kumwinua peke yake, na hakuna mwingine atakayemgusa.

"Mchungaji anasema kubeba mgonjwa si dhambi. Wazee wa ukoo wanasema ni mwiko. Wote nawaheshimu. Sasa nimfuate nani?" anauliza, na ni dhahiri hajui.

Alistidia, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, analiweka chini na kumgeukia mumewe.

"Baba Datius, mama akifa, jeneza atatengeneza nani?"

"Mimi."

"Na kulibeba?"

"Mimi na wenzangu."

"Kumbe akiwa maiti utambeba."

Gamaliel anamtazama mkewe, kisha anaitazama mashua. Anaingia ndani ya chombo, anapachika ncha ya nyundo chini ya ubao wa kwanza, anaung'oa. Alistidia anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anapokea ubao, anauegemeza kwenye ukuta wa gereji. Muda si mrefu mashua ni tupu, mbele hadi nyuma.

Kesho kukipambazuka wataondoka kwenda Bumbire, upepo ukiwa bado umelala. Fundi anasema bado hajui atawaambia nini wazee.

"Nitambeba mgongoni," anasema. "Aibu nitaiona baadaye, yeye akiwa ameshalazwa Rubya."