Kilichoandikwa Ndani ya Boksi za Udi za Shangazi

Admin, jina langu lifiche tafadhali. Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Mie ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, naishi Kimara kwa shangazi, dada yake baba. Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Nina aibu sana, mbele za watu sauti haitokagi, ndiyo maana naandika.

Shangazi anatengeneza udi. Mzuri kweli, siwezi kumsingizia. Mimi ananiita bubu. Wageni wakija anawaambia, "Huyu ni bubu wangu wa kurithi, msisubiri awajibu mtakesha hapa." Wanacheka, na yeye anacheka mpaka anashika ubavu.

Zamani udi wake alikuwa anaufunga kwenye vitambaa. Siku moja nimerudi shule nikakuta kanga ya mama, ile aliyojifunika hospitali mpaka mwisho, iko mezani imekatwa vipande vipande. Nilikuwa nalala nayo, sikuwa na kitu kingine chake. Nikasema tu, "Shangazi, hiyo ya mama." Akanijibu huku mkasi unaendelea, "Kwani huko aliko anavaa?" Vile vipande vikafungiwa udi, vikauzwa vyote.

Mwezi uliopita akapata oda yake ya kwanza ya maana. Mama mmoja wa Mbezi anamfanyia binti yake kitchen party, anataka kila mgeni aondoke na udi. Ila akataka boksi sitini, ndogo, za karatasi ngumu, nje jina la bibi harusi, ndani maneno ya shukrani. Shangazi akaniambia, "Ndani weka Kizungu, kinapandisha bidhaa. Mama yako si alikusomesha English medium? Leo na mie nifaidi." Yeye mwenyewe Kizungu hajui hata kidogo.

Nikaanza kutafuta mtu wa kuprinti. Jamani, nilizunguka. Kila mwenye mashine anasema hachapi chini ya boksi elfu moja. Mmoja alichukua kikaratasi changu akawapigia kelele wenzake, "Mdogo wangu hapa anataka sitini, pande mbili, karatasi nene kama mlango!" Wakacheka wote. Mwingine akasema karatasi ile itamkwamia, niende kwa watu wa kadi za harusi. Wa kadi wakasema wao boksi hawakati. Nikirudi nyumbani shangazi hataki kusikia. "Hukuuliza wewe. Ulisimama mlangoni kama mwizi, ukageuza." Siku ya tatu akaninyima chakula cha mchana na cha jioni.

Siku ya nne nikampata fundi mmoja Manzese, nyuma ya maduka ya spea. Akaipindapinda karatasi niliyokwenda nayo, akasema, "Sitini nakufanyia. Leo napitisha nje, ikikauka nageuza ndani moja moja kwa mkono. Nitumie maneno." Nikakaa kwenye benchi lake, sijala tangu jana yake asubuhi, nikaandika.

Alipotoa sampo akanipa kalamu. "Mteja wangu anasaini sampo. Ukishasaini, maneno yakikosewa usinitafute. Hapo ndani panasemaje? Mie Kizungu changu cha mpira tu."

Nikamwambia, "Panasema asanteni kwa kuja kusherehekea nasi."

Nikasaini. Msije mkadhani nilipitiwa. Nilisoma mara mbili, na nukta niliyoisahau nikamwomba airekebishe. Kile Kizungu, kwa Kiswahili, kinasema hivi: "Mwanamke aliyetengeneza udi huu huufunga kwa kanga za maiti. Unukie nao vizuri kwenye ndoa yako."

Boksi zilipofika shangazi alilia. Alifungua moja, akawa anapapasa yale maandishi kwa kidole gumba, akaniita mwanangu. Miaka minne sijawahi kuitwa hivyo kwenye nyumba hii. Boksi moja kaiweka kwenye kabati la vyombo, kaiacha wazi, maandishi yanatazama sebuleni. Jirani akiingia tu anavutwa mkono, "Njoo uone mwanangu alichoandika," na mpaka sasa hajaingia anayekijua Kizungu. Alitaka aweke na status, nikamzuia, nikamwambia tusiharibu sapraizi ya bibi harusi. Juzi kanipikia wali wa nazi, kaniwekea paja la kuku, yeye kala shingo. Nikala lote.

Kitchen party ni Jumamosi. Nikisema, ananifukuza, na kwa baba siwezi kwenda, mke wake alishasema hanitaki. Nikinyamaza, boksi sitini zinafunguliwa ukumbini mbele ya wanawake wanaojua kusoma Kizungu, na sidhani kama kuna mtu atanunua udi wake tena. Na yule bibi harusi hajanikosea chochote, hata sura yake siijui. Namwonea huruma yeye. Shangazi nimejaribu kumwonea huruma, kuna saa inakuja, halafu nasikia ule mkasi. Kibaya zaidi natamani niwepo ukumbini nimwone uso wake.

Nilikuwa nataka kuandika zaidi ila kuna gari limeingia. Ni yule mama wa Mbezi, kaja kuchukua mzigo leo leo. Namsikia sebuleni, "Mbona zimependeza hivi! Ndani pameandikwa nini, shoga? Miwani nimeisahau nyumbani." Na shangazi anajibu kwa sauti ambayo hajawahi kunisemea, "Subiri nikuitie mwanangu akusomee mwenyewe, ana aibu lakini akisoma utafurahi."

Nyie dada zangu na mama zangu mnaonisoma, nifanyeje? Nisome kilichoandikwa, au nisome kile nilichomwambia fundi? Anakuja huku, kashafika koridoni. Naficha sim