Meno ya Mama Mkwe na Bajeti ya Jimbo

Mwaka ule serikali ya jimbo letu, kule Johannesburg, iliishiwa hela miezi minne kabla mwaka wake wa fedha haujakwisha, na ikatukuta vibaya, maana ilikuwa imeshamng'oa mama mkwe wangu meno.

Novemba bajeti ya kung'oa ilikuwepo. Kliniki ya meno ya serikali, kule mjini, iliyatoa yote yaliyokuwa yamebaki, ikampa kadi arudi Desemba kupimwa ya bandia. Tuliporudi, bajeti ya kuweka ilikuwa imekwisha. Ya kung'oa bado ilikuwepo. Karani alitueleza hilo kwa fahari kidogo, utadhani alitaka tumletee mgonjwa mwingine.

"Rudini Aprili, Mama," alisema. "Tarehe mosi."

"Tarehe mosi Aprili ni siku ya wajinga," nikamwambia.

"Eish, dada, kalenda ya serikali sikuipanga mimi."

Msidhani walifunga mlango. Mlango ulifunguliwa kila siku saa moja na nusu asubuhi, hata dakika haikupita. Watu walipanga foleni, wakapewa namba, wakaitwa kwa namba zao, wakaambiwa hakuna kitu. Plasta ya kupimia hakuna, glovu hakuna. Chai ilikuwepo. Muuguzi mmoja alianza kufuma sweta Januari, na kufikia Machi lilikuwa na mikono yote miwili. Kazi pekee ya jimbo zima niliyoiona ikikamilika kwa wakati ni lile sweta.

Ningecheka zaidi, lakini meno yale yalikuwa yamenifungia jambo langu mwenyewe.

Mimi ni Mtanzania. Niliolewa Morogoro na mwana wa Mama huyu alipokuwa huko ukimbizini, bila ng'ombe wala shangazi, kwa cheti cha ofisi ya wilaya na soda mbili. Uhuru wao ulipopatikana tukahamia Johannesburg, tukapanga nyumba Troyeville, na Mama akaja kukaa nasi. Kwa mila zao nilikuwa sijapokelewa. Mpaka Mama, mjane na mkubwa wa ukoo, asimame mbele ya watu siku ya kuchinja mbuzi, anitaje kwa kinywa chake kwa wazee walio hai na waliokufa, mimi nilikuwa mgeni anayepika. Nilikuwa mgeni anayepika kwa miaka mitano. Mwaka wa kwanza Mama alikuwa anaumwa mguu, wa pili kulikuwa na msiba, wa tatu mbuzi walikuwa wamekonda. Hatimaye alikubali tufanye Krismasi. Halafu serikali ikafilisika.

"Sisimami mbele za watu na mdomo wa kitoto kichanga," alisema. "Tungoje meno."

Roho iliniuma sana. Niliyataka yale meno kuliko yeye mwenyewe.

Asiye na meno kule ana taabu, maana raha yao ni nyama ya kuchoma na pap, yaani ugali. Mama alishinda na chai siku tatu. Siku ya nne nikaenda Rosettenville kwa mama mmoja wa Kikongo anayeuza ndizi mbichi, nikanunua mkungu mzima, nikapika mtori wa nyama, nikausaga mpaka ukawa laini. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi, ila hilo sikumwambia. Akaonja, akakunja uso, akasema hauna chumvi. Kisha akamaliza bakuli, akalisogeza kwangu bila kuniangalia. Tulikula mtori mpaka watoto wakaanza kukimbilia kwa majirani.

Shida nyingine ilikuwa maneno. Kizulu kina sauti za kugonga ulimi kwenye meno, na Mama hakuwa na pa kugonga. Yakawa yanatoka upepo na mate. Mume wangu, aliyelelewa na mdomo uleule, hakuelewa kitu. Aliitikia "Ndiyo, Mama" kwa kila neno, mpaka siku moja akawa amekubali kuuza kitanda chetu. Mimi nilielewa. Miaka mitano nilikuwa nimemsikiliza mwanamke yule nikiwa nimemkodolea macho mdomoni, nikiogopa kukosea. Yeye alikuwa akisema Kizulu changu ni kelele za kuku. Sasa kwenye foleni kuku ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Mwambie huyo mpumbavu," alinong'ona mbele ya karani, "serikali yake itafune mawe."

"Mama anauliza kama kuna matumaini," nikasema.

Akanifinya mkono. "Sivyo nilivyosema."

"Najua, Mama."

Aprili hela zikaja. Wakaagiza plasta. Mei wakampima. Mwisho wa Juni meno yakatoka, meupe, makubwa, ya mtu mwingine kabisa. "Atazoea," fundi akasema, akaita namba inayofuata.

Julai, Jumamosi, ukoo ukajaa uani kwetu. Mbuzi akachinjwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka, blanketi mabegani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, kimya, kwa sababu siku hiyo makoti, yaani bibi harusi, hasemi. Mama akasimama na meno yake mapya. Sentensi ya kwanza ilipita. Ya pili, meno ya juu yakashuka yakagongana na ya chini, na shangazi mmoja akaangua kicheko akajificha ndani ya shali. Mama akayatoa yote, akanijazia kiganjani, ya moto na mate yake.

"Shika, makoti."

Akaendelea bila meno. Watu wakatazamana.

"Ndiyo, Mama," mume wangu akaitikia.

Mama akamwangalia kwa huruma, kisha akanigeukia. "Waambie."

"Mimi? Mama, leo sisemi."

"Nani mwingine ananielewa hapa?"

Basi nikasimama, nimeshika meno ya mama mkwe, nikatafsiri mapokezi yangu mwenyewe kwa Kizulu cha kuku.

"Anasema mimi ni mtoto wake. Anasema serikali ilipofunga mkono, mimi sikufunga wangu. Anasema wazee wanijue, wasiniulize tena nimetoka wapi."

Hapo nikalia mbele ya watu wote. Ningeweza kujiongezea sifa, nani angejua? Sikuongeza hata moja. Mama alinisubiri nipenge kamasi, akasema neno jingine, akionyesha sufuria kwa kidole. Nikajifanya sikusikia.

"Waambie yote," akasema.

"Anasema," nikautangazia ukoo mzima, "ugali wangu bado mbichi."