Kanzu za Kwaya na Maji ya Kahiga

Nduta, au Mama Cate kama majirani wanavyomwita, amefulia watu nguo Kitengela miaka kumi na moja, na hakuwahi kurudisha nguo ikiwa chafu kuliko ilivyokuja. Ndiyo maana Alhamisi ile, alipoanua kanzu nyeupe ishirini na mbili za kwaya na kuzikuta na rangi ya uji wa wimbi, aliketi chini kwanza.

Maji hayakuonekana kuwa na shida. Yalitoka kwenye kisima kipya cha Kahiga, mwenye ploti anakopanga, yakimeremeta. Akadhani ni vumbi. Akaloweka kanzu tena, akamwaga jiki, dawa ya kung'arisha nguo, bila huruma. Zikageuka rangi ya machungwa.

Akamwita Mwalimu Gideon, anayefundisha kemia na kuimba sauti nzito ya besi kwenye kwaya hiyo. Gideon alionja maji, akafurahi kuliko ilivyofaa.

"Mama Cate, hiki ni chuma."

"Mimi sijaweka chuma."

"Kimeyeyuka ndani ya maji. Huko chini hakuna hewa, kwa hivyo hukioni. Kikipata hewa kinakuwa kutu, na jiki inakiharakisha." Akaongeza kwamba nchi za nje, kwenye mashimo yalimochimbwa makaa ya mawe, kuna maziwa makali sana yaliyojaa chuma.

"Hayo maziwa watu wanakunywa?"

"Si ya ng'ombe, Mama Cate. Maziwa ya kuogelea. Lakini huwezi kuogelea, maji ni makali kama ndimu. Ukali ndio unazuia chuma kisigande. Ukipungua, ziwa lote linajaa kutu."

Nduta akafikiri. "Kwa hivyo nikitia ndimu, kutu itayeyuka tena?"

Gideon mwenyewe hakuwa amefikiria hilo.

Nduta alinunua ndimu zote za Safiyo, mwenye duka la kona, ambaye aliuliza harusi ni ya nani. Alikamua, akaloweka, akasuuza kwa maji ya mvua. Kanzu kumi na sita zilirudi nyeupe. Ndimu zikaisha kabla ya zile sita za besi.

Jumapili, Gideon na wenzake walisimama nyuma wakiwa na kanzu za rangi ya machungwa. Mchungaji mgeni akasifu kwaya kwa kupanga rangi kulingana na sauti, na mwenyekiti wa kwaya akaitikia kwa kichwa kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Siku hizi Nduta huacha maji ya Kahiga kwenye pipa wazi, akayakoroga, akangoja kutu itulie chini. Isipokuwa kanzu za besi. Hizo, kwa agizo la mwenyekiti, anafua kwa maji yanayotoka moja kwa moja kwenye mfereji wa Kahiga.